"Put off" ilivyoninyima safari ya Jinja

Mdogo wangu, umeandika kwamba umekariri orodha nzima ya vitenzi vya Kiingereza vyenye "up", "off" na "out", lakini ukivitumia watu wanakukodolea macho. Orodha hiyo itupe. Mimi naendesha wageni kati ya Entebbe na Jinja, na hasara ndiyo iliyonifundisha.

Mgeni mmoja aliniandikia jioni: "Sorry, we've put off tomorrow's trip." Sasa hapa Kampala "put off" ni kuzima taa, kila nyumba utasikia "put off the light". Nikajua safari imezimwa. Gari nikampa mwenzangu wiki nzima. Kesho yake wananipigia kuuliza Ijumaa tutaondoka saa ngapi! Kumbe walikuwa wameahirisha tu. Kama wangefuta, wangesema "called off".

Vitenzi hivi vichukulie kama "piga" yetu. Piga pasi, piga hodi, piga chafya, piga mswaki: nani anapigwa hapo? Mtoto wa Busia hakukaririshwa hayo, aliyasikia mama yake akiyasema huku kashika pasi. Nawe andika daftarini sentensi nzima uliyoisikia, pamoja na kilichokuwa kinaendelea wakati huo. "Turn up" peke yake haikusaidii kitu. "He turned up late", yaani alifika kachelewa, utaikumbuka, hasa kama aliyechelewa ni wewe.

Halafu kuna hili tunalokosea karibu sote Uganda: "I will pick you at six." Sisi kwa sisi tunaelewana, ila kwa Mwingereza "pick" tupu ni kuchagua, au kuchuma kama embe. Ukimaanisha utakuja kumchukua, sema "pick you up". Na "you" ikae katikati, "pick up you" hakuna. Ukitaja wageni wenyewe ndipo una uhuru: "pick up the guests" au "pick the guests up", zote sawa. Lakini "look after", yaani kutunza, haipasuliwi, ni "look after them" basi. Na kuna pale tunapozidisha chumvi: "cope up with". Hiyo "up" tumeitia wenyewe. Wenye lugha wanasema "cope with", yaani kumudu jambo.

Kwenye barua ya kuomba kazi mimi huandika "postpone". "Put off" naiacha kwenye WhatsApp na wageni. Na hata huko, nikiletewa kitenzi chenye mkia nisiouamini, kabla sijagusa gari najibu kwanza: "So, which day?"