Kiwanja cha Kigamboni na ile nyumba ya Tabata

Mbagala, Jumapili jioni

Mwanangu,

Uliniuliza kwenye simu: tuuze kiwanja cha Kigamboni sasa hivi uongezee hela zako ununue ile nyumba ya Tabata, au tungoje bei ipande? Nilikujibu "subiri" kwa sababu nyumba yenyewe nilikuwa sijaiona. Juzi nikapanda daladala, nikaenda.

Nyumba nzuri, sikatai. Vyumba vitatu, madirisha ya alumini, fensi. Lakini ukutani, kuanzia chini hadi usawa wa goti langu, rangi ni mpya. Kutoka hapo kwenda juu imepauka. Nikakwaruza kwa ukucha, plasta ikadondoka kama unga. Mama muuza maandazi pale kona nilipomuuliza alicheka tu: "Njoo masika, dada." Nikataka kumwona mke wa mwenye nyumba, maana kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa yake. Dalali akaanza kuchezea simu. Usitoe hata shilingi ya advansi. Unadhani kuta za mjini zimeandikwa "NYUMBA HII HAIUZWI" kwa urembo?

Sasa bei. Hapa kwetu huna pa kuangalia nyumba ya jirani iliuzwa kwa ngapi. Unachosikia ni bei ya dalali, naye analipwa kwa asilimia, ikipanda anashiba zaidi. Mtafute aliyekwisha kuuza na hela akazishika, mkae mzungumze. Anayetangaza bado anaota.

Kiwanja chetu nilikinunua tukivuka kwa pantoni. Mwaka 2008 Serikali ikatangaza mpango wa mji mpya, watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, bei zikalala. Jirani yetu wa mpakani alichoka, akauza kwa bei ya kutupa. Aprili 2016 daraja likafunguliwa. Siku hizi akipita pale hageuzi hata shingo. Sikwambii hivi ili ungoje daraja jingine. Mimi mwenyewe sikuona mbali, nilikosa mteja tu.

Kuuza tutauza, ila si kwa karatasi ya serikali ya mtaa tuliyo nayo. Kiwanja kimeshapimwa, tumalize hati kwanza. Bila hati mteja wetu ni yule tu mwenye fedha mkononi, naye anajua kwamba hatuna mwingine, atatukandamiza. Mwenye mkopo wa nyumba benki yake inataka hati ya kushikilia, na wapo wafanyakazi wanaonunua kwa njia hiyo. Kuna pia kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, kwa hiyo kila gharama tunayoweza kuithibitisha inatupunguzia mzigo. Mkataba wa kununulia na risiti za ule ukuta wa kiwanja ziko kwenye begi langu la bluu, juu ya kabati. Wewe ulitaka nizichome.

Na nyumba nyingine yoyote utakayoipenda, kabla ya bei kazungumze na msajili wa hati, afanye upekuzi, ujue kama haina mkopo wala zuio la mahakama.

Ijumaa ukija twende Kigamboni tukahakiki mipaka. Bikoni tatu nilizikuta, ya nne imemezwa na majani upande wa mnazi. Njoo na panga, langu halikati.

Mama yako