Maswali ya wasomaji: Kilimanjaro uligongana na nini?

Mwalimu wetu alisema volkano hutokea mabamba mawili ya dunia yanapogongana. Mlima Kilimanjaro uligongana na nini? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Moshi)

Haukugongana na chochote, na nimefurahi umeuliza badala ya kukariri. Ulichofundishwa ni kweli, ila ni nusu ya habari. Ganda la dunia limekatika vipande vikubwa tunavyoviita mabamba. Yapo yanayosukumana, na yapo yanayoachana. Huku kwetu yanaachana: bamba la Nubia lililoko magharibi na bamba la Somalia lililoko mashariki hutengana kwa milimita chache kila mwaka, na Bonde la Ufa ndiyo alama ya mwachano huo.

Ganda likivutwa hukonda. Mwamba wenye joto kali ulioko chini yake hupanda kujaza nafasi, na kadiri unavyopanda, uzito uliokuwa ukiukandamiza hupungua. Hapo huanza kuyeyuka bila kuongezewa moto hata kidogo, kwa sababu kilichokuwa kikiuzuia usiyeyuke ni ule mgandamizo. Mwamba ulioyeyuka, yaani magma, ni mwepesi kuliko mwamba unaouzunguka, kwa hiyo hutafuta upenyo wa kwenda juu. Kilimanjaro, Meru, Longonot na Ol Doinyo Lengai yote ni watoto wa ufa huo. Kilimanjaro wenyewe ni volkano tatu zilizoungana: Shira na Mawenzi zimekufa, Kibo imelala tu. Ndani ya kreta yake, yaani shimo la kileleni, bado hutoka gesi yenye harufu ya salfa.

Kwa hiyo chini ya miguu yetu kuna bahari ya moto? (Dodoma)

Hapana. Picha hiyo imewakaa wengi kichwani, na ningependa iwatoke. Tabaka lililoko chini ya ganda, mantili, linashuka hadi kina cha kilomita 2,900 hivi, na karibu lote ni mwamba mgumu, ingawa hujongea polepole mno kwa mamilioni ya miaka. Tunajua kwa njia ya matetemeko: kuna aina ya mawimbi ya tetemeko isiyoweza kupita kwenye kimiminika, nayo hupita vizuri kwenye mantili. Inakoma ikifika kwenye kiini cha nje, ambacho ndicho kimiminika cha kweli. Magma hupatikana mahali maalumu tu, pale ambapo kuna kitu kimeuyeyusha mwamba.

Japani na Indonesia mabamba yanagongana. Mbona nako kuna volkano, na hakuna kinachovutwa? (Nakuru)

Huko kazi hufanywa na maji. Bamba la sakafu ya bahari huzama chini ya jirani yake likiwa limebeba maji yaliyonaswa ndani ya madini. Likifika kina cha kilomita mia hivi, joto na mgandamizo huyakamua, nayo hupanda na kuingia kwenye mwamba wa moto ulioko juu. Maji hufanya kwenye mwamba kile ambacho magadi hufanya kwenye maharage: moto ni uleule, lakini kilichokuwa kigumu sasa kinalainika.

Na kwa kuwa nimetaja magadi: Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu, hutoa lava (magma iliyokwisha kutoka nje) yenye magadi mengi, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, wakati lava ya kawaida ya Hawaii hupita 1,100. Hutoka nyeusi, kisha ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo.

Kisiwa cha Réunion hakiko mpakani mwa bamba lolote. Moto wake unatoka wapi? (Mombasa)

Unatoka kwenye kile kinachoitwa sehemu moto. Kutoka kina kirefu cha mantili hupanda nguzo ya mwamba wenye joto kuliko kawaida, na ikikaribia juu huanza kuyeyuka. Nguzo hukaa karibu palepale, bamba ndilo linalopita juu yake. Ndiyo maana Mauritius, iliyopitishwa hapo zamani, imetulia, na Réunion bado inawaka kwenye volkano yake, Piton de la Fournaise. Hawaii ni vivyo hivyo: visiwa vinazidi kuwa vya kale kadiri unavyoelekea kaskazini-magharibi.

Dar es Salaam nayo iko hatarini? (Temeke)

Kwa volkano, hapana. Mji umekaa juu ya mchanga na miamba ya mashapo, mbali na milima yote niliyoitaja.

Kwa nini lava ya Nyiragongo inakimbia hivyo, na mazuku ni nini hasa? (Goma)

Fikiria jiko. Uji mwepesi hutiririka na mapovu yake hupasuka kimya. Ugali ukianza kuwa mzito, hurusha matone yanayounguza mkono. Kinachoamua uzito wa magma ni silika, yaani kile kitu kinachounda mchanga mweupe: ikizidi, magma huwa nzito kama ugali. Pinatubo ya Ufilipino ilikuwa na magma nzito iliyobana gesi, ikalipuka Juni 1991 kwa nguvu iliyopoza hewa ya dunia nzima kwa takriban nusu nyuzi. Nyiragongo, volkano iliyo jirani na Goma, ina silika kidogo mno, lava yake ni uji. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa la lava lililokuwa kileleni likamwagika lote chini ya saa moja. Kasi yake inakadiriwa kufika kilomita 60 kwa saa. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji wa Goma hadi Ziwa Kivu, na Mei 2021 ilisimama kwenye viunga.

Mazuku ni kabonidioksidi inayopenya kutoka ardhini. Haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mbuzi hufa mtu mzima akiwa amesimama salama pembeni, kwa sababu pua ya mbuzi iko chini. Mtoto naye ni mfupi. Ukiona panya au ndege wamekufa shimoni, usishuke kuwaangalia, na mtu akianguka humo usiiname kumwinua peke yako. Wengi wamepoteza maisha wakienda kumwokoa wa kwanza.