Beta na gapi tangi moja: angalia haya kwanza

Mkuu, umeuliza kama beta wako dume, yule samaki wa mapambo mgomvi, anaweza kukaa na gapi sita (samaki wadogo wa mapambo) na goldfishi mmoja kwenye tangi la lita 30. Goldfishi mtoe kabisa kwenye hesabu. Anachafua maji sana na anapenda yawe ya baridi, wakati beta anataka nyuzi 25 hadi 27 hivi.

Utata uko kwa gapi. Dume lake lina mkia mpana wa rangirangi, na beta anaweza kumwona kama beta mwenzake aliyevamia eneo lake. Wapo wanaowachanganya wakaelewana, lakini kwenye lita 30 mimi nisingethubutu, maana anayefukuzwa hana pa kukimbilia.

Ukipata tangi la lita 60 au zaidi, weka rasbora au koridora, samaki wadogo wapole wanaoishi kwa kundi, angalau sita wa aina moja. Wakiwa wachache wanaishi kwa hofu. Barbu wenye milia usiwaguse, hao watamdonoa beta mapezi mpaka yachanike. Panda mimea ya kutosha, filta isisukume maji kwa nguvu, na acha nafasi chini ya kifuniko kwa sababu beta hupanda juu kuvuta hewa.

Beta aingie wa mwisho, wenzake wakishazoea. Kuwa na chombo cha akiba: akianza kutanua mashavu na kufukuza bila kuchoka, mtoe siku hiyohiyo, usisubiri wapatane. Konokono unaweza kumwekea. Kamba wadogo, mara nyingi huishia kuwa kitoweo chake.