Meza ya ruta: plaiwudi inatosha

Fundi mwenzangu wa Ipuli, umeuliza kama plaiwudi ya milimita 18 inafaa kwa meza ya ruta, ile mashine ya kuchonga mbao kwa kisu kinachozunguka. Inafaa, ila usiifunge ruta moja kwa moja chini yake, kisu kitakosa urefu. Kata tundu, uzamishe bamba la alumini la milimita 6 la kubeba ruta, liwe sawa kabisa na uso wa meza. Pitisha kidole: ukihisi ukingo, ubao nao utakwama hapo hapo.

Kizuizi cha kuegemezea ubao unaochongwa, chukua mninga mkavu ulionyooka, ubane kwa klampu mbili. Ubao usukume kutoka kulia kwenda kushoto. Tafadhali, usiupitishe katikati ya kisu na kizuizi. Kisu huunyakua na vidole vikafuata. Swichi iweke mbele, karibu na goti.