Mwalimu wa Urambo, usipeleke hiyo barua

Usiipeleke. Mengine tutaongea baadaye.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenzetu anafundisha Urambo, amehudhuria darasa la "kuishi wito wako", amegundua ameitwa kuinua vijana kwa maneno, na mwisho wa mwezi anapeleka barua ya kuacha kazi. Anauliza ratiba nzuri ya alfajiri, namna ya kujenga mtazamo wa ushindi, vitabu vya kusoma, na amwambieje mama watoto. Kuhusu kuacha kazi hajauliza, ametangaza tu. Hapo ndipo chai yangu ilipopoa.

Mimi nilikuwa karani kwenye ghala la tumbaku hapa Tabora. Wito wangu ni nyuki. Hilo sikudanganywa na mtu. Mpaka leo kundi likipita juu ya miti nasimama barabarani kama mtoto aliyeona treni. Nilikodanganywa ni kwingine. Alikuja bwana mmoja mjini, kajiita kocha wa wito, akakodi ukumbi, kiingilio kikubwa kuliko posho yangu ya wiki. Akatuambia mshahara ni hongo unayopewa usahau ndoto yako. Watu wakapiga makofi. Mimi nilisimama kabisa, na picha ipo, mke wangu ameihifadhi kwa ajili ya siku nikijifanya mjuaji.

Kisha akamleta Nyerere. "Mwalimu alifundisha hapahapa Tabora, wito ulipomwita akatupa chaki!" Uongo mtupu, na mimi mtoto wa Tabora nikaumeza. Nyerere alifundisha St. Mary's kuanzia 1946, akaondoka 1949 kwenda kusoma Edinburgh. Aliporudi akashika chaki tena, huko Pugu. Mwaka 1953 akachaguliwa rais wa TAA, chama kilichoitangulia TANU, akiwa mwalimu. TANU ikazaliwa tarehe 7 Julai 1954, yeye bado yuko darasani. Aliacha ualimu 1955, baada ya kubanwa achague kimoja, na kufikia hapo chama kilikuwa kinatembea. Sasa huyo ndiye wa kuniambia nijitupe?

Nikaacha kazi. Na bwana yule, kumbe, alikuwa na mizinga ya kuuza. Sijui kwa nini sikushtuka. Nilikopa, nikanunua mizinga mingi kwa mpigo, nikaitundika porini upande wa Sikonge wakati maua yameshapita. Mbao mbichi, jua likazipinda. Viunzi vya juu vya mzinga, vile vijiti ambavyo nyuki huning'iniza masega, kwa nyuki wetu vinatakiwa upana wa milimita 32. Vyangu kila kimoja kilikuwa na upana wake. Nyuki wachache walioingia wakajenga masega kukatiza viunzi viwili vitatu, ukinyanyua kimoja unararua vyote. Mingine hata nta ya kuwavutia sikupaka, maana kwenye semina tulifundishwa kuona mafanikio akilini, kupaka nta hakukutajwa. Mijusi ndio walioishi wito wao mle ndani.

Hayo yote yangeweza kurekebishika. Ningetengeneza viunzi upya, nikasubiri msimu, nikaenda kukaa na wazee wanaotundika mizinga ya magome wanifundishe. Kilichoniua ni kwamba sikuwa na mshahara wa kusubiria. Rejesho la mkopo limefika, ada ya shule imefika, na mimi nina makundi machache manyonge. Nikarina. Masega hayajafunikwa, asali bado nyepesi, na nikakomba yote bila kuwaachia nyuki chakula. Makundi yakahama. Asali ikachacha ndooni, mnunuzi mjini akaonja akanitazama usoni, hakusema kitu. Ikaishia kwa mama mmoja anayetengeneza wanzuki. Kwa hiyo kama uliwahi kulewa vizuri Tabora miaka hiyo, asante kwa kuunga mkono maono yangu.

Unaona mlolongo? Kukosa mshahara kulinifanya niue kitu kilekile nilichoachia mshahara. Wewe ni vijana na maneno, lakini shimo ni lilelile. Kodi ya nyumba ikifika utaongea popote unapolipwa na chochote wanachotaka kusikia. Mwisho utakodi ukumbi uanze kuwauzia watu mizinga.

Kanuni yangu ni moja, na nimeilipia: usiache mshahara mpaka watu wasiokujua, wasio ndugu wala waumini wenzako, wamelipia wito wako, na msimu uliofuata wamerudi kulipa tena. Wakilipa mara moja tu, hesabu kwamba wamekuonea huruma.

Binti wa dada yangu yuko chuo, alinisomea utafiti wa 2018 wa O'Keefe, Dweck na Walton. Waliona kwamba mtu anayeamini jambo la kulipenda kwa moyo lipo tayari linasubiri kukutwa, jambo likiwa gumu hamu inamwisha haraka kuliko anayeamini hamu hujengwa. Na Dweck ndiye mwanasaikolojia huyohuyo wa mtazamo wa kukua, yaani kuamini uwezo hujengwa, ambaye makocha wanamtaja kila sentensi. Yeye anazungumzia juhudi, kubadili mbinu na kuomba msaada. Kujitupa bila mshahara sijakuona kwake. Kama mtazamo wangu ungekuwa unakua kweli, ningeanza na mizinga michache Jumamosi na Jumapili, nikakosea kwa bei nafuu.

Halafu mafao. Wengi wanapiga hesabu kwamba wataanzia hapo. Fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake, na hiyo barua yako ndiyo ushahidi. Nenda ofisi ya mfuko wako wa hifadhi ya jamii ukaulize kabla ya kusaini. Na kama una mkopo wa mshahara, benki haitakuuliza umeitwa wapi.

Una Jumamosi, una likizo za shule, una darasa zima la vijana ambao tayari wanakusikiliza kwa lazima. Anza na wao. Mimi nimerudi kuajiriwa, nyuki ninao mwishoni mwa wiki, na mnunuzi yule sasa ananipigia mwenyewe kuuliza lini narina.

Ratiba ya alfajiri sijui, amka ukiamshwa na jogoo. Vitabu watakutajia wengine. Mama watoto umwambie leo, kabla hajasikia kwa mwalimu mkuu.

Lakini nijibu hili kwanza: barua bado iko kwako, au umeshaikabidhi?