Kusimamia vifaa pepe vya mtandao kwenye seva: ushauri kwa mafundi wanaoanza

Seva yenye KVM, teknolojia ya kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja halisi) iliyoingizwa katika kerneli ya Linux mwaka 2007, inaweza kubeba mashine hizo ishirini ilhali nyuma yake zimechomekwa kebo mbili tu. Kati ya kebo hizo na mashine hizo kuna mtandao mzima usioonekana kwa macho: daraja linalofanya kazi ya swichi, kadi pepe ya mtandao ya kila mashine, mgawanyo wa VLAN (mitandao inayotenganishwa kwa namba juu ya kebo ileile), na pengine njia ya VXLAN, aina ya handaki la mtandao, inayoelekea kwenye seva nyingine. Nimesimamia mitandao ya namna hii katika ofisi kadhaa za Dar es Salaam, za Posta na za Mikocheni, na rai yangu kwa wanaoanza ni moja: kifaa pepe kisichoandikwa katika faili la usanidi na kisicho na jina linaloeleweka, kihesabuni kuwa hakipo, hata kama kwa sasa kinapitisha data vizuri.

Ninasema hivyo kwa sababu amri ya `ip link add` huunda daraja kufumba na kufumbua, lakini daraja hilo hukaa katika kumbukumbu ya muda peke yake, na seva ikizimika nalo limekwenda. Katika ofisi moja ya usafirishaji wa mizigo nilikoitwa kusaidia, umeme ulikatika usiku, jenereta ikachelewa kuwaka na betri za akiba zikaisha. Seva iliporudi, baadhi ya mashine pepe zilikataa kuwaka, kila moja ikitoa ujumbe kwamba daraja lake halijulikani. Daraja hilo lilikuwa limeundwa kwa mkono na fundi aliyekwisha kuhamia kazi nyingine, na hakuna mtu pale ofisini aliyejua lilifungwa kwenye kadi ipi wala VLAN namba ngapi. Ilibidi tusome usanidi wa swichi ya chuma iliyokuwa kwenye kabati, tuone kila mlango wake ulipitisha VLAN zipi, kisha tujenge upya kutokana na ushahidi huo, huku wenye mizigo wakisubiri hati zao.

Kwa hiyo, kila daraja na kila VLAN iandikwe mahali ambapo mfumo utaisoma unapowaka: Netplan, yaani mfumo wa kusanidi mtandao, kwa wanaotumia Ubuntu Server, au faili la `/etc/network/interfaces` kwa wanaotumia Proxmox, mfumo wa kusimamia mashine pepe. Baada ya kuandika, iwasheni upya seva kwa makusudi katika saa mliyoichagua wenyewe, tuseme Jumapili alfajiri, mkiwa mmewaarifu watumiaji, kwa maana faili ambalo halijawahi kupitia kuzimika na kuwaka halijathibitishwa. Kwa hali ya umeme wetu, msipolifanya jaribio hilo ninyi, litafanyika bila idhini yenu, na aghalabu mwisho wa mwezi wakati wa mishahara.

Suala la majina wengi hulidharau, nami naliona kuwa nusu ya kazi. Proxmox ina utaratibu mzuri, kwani kadi inayoitwa `tap100i0` ni ya mashine namba 100 na ni kadi yake ya kwanza, hivyo fundi yeyote anaweza kuifuatilia. Libvirt, programu nyingine ya kusimamia mashine pepe, kwa kawaida hutoa majina ya `vnet0`, `vnet1` na kuendelea kwa kufuata mpangilio wa mashine zilivyowaka, kwa hiyo `vnet3` ya leo yaweza kuwa ya mashine nyingine kabisa kesho, na anayechunguza paketi (vifurushi vya data) kwa kutegemea maandishi ya juzi atachunguza mashine isiyohusika. Dawa ni kuweka jina la kudumu katika maelezo ya mashine, kwa kuzingatia kwamba Linux hairuhusu jina la kadi kuzidi herufi 15, na kwamba jina linaloanza na `vnet` libvirt hulitupa na kuweka lake. Maelezo marefu zaidi, kama vile idara inayomiliki mashine hiyo, yanaweza kuandikwa kwenye kadi yenyewe kwa amri ya `ip link set` pamoja na neno `alias`.

Kazi ya hatari kuliko zote ni kuhamisha anwani ya IP kutoka kadi ya chuma kwenda kwenye daraja ukiwa mbali na seva, maana mkikosea mstari mmoja mmejifungia nje. Wenye Netplan watumie `netplan try`, ambayo hurudisha usanidi wa zamani baada ya sekunde 120 endapo hamkuthibitisha mpya. Aliyewahi kutoka Tegeta saa kumi na moja jioni kwenda kubonyeza kitufe kwenye seva iliyopo katikati ya jiji, huku foleni ya Mwenge haisogei, hahitaji kuelezwa thamani ya sekunde hizo. Hata hivyo, si kila badiliko linaweza kurudishwa kwa njia hiyo, kwa hiyo kama seva ina mlango wake wa pembeni wa usimamizi, hakikisheni unafanya kazi kabla hamjaanza.

Tatizo linalopoteza muda mwingi kuliko yote ni la MTU, yaani ukubwa wa juu wa paketi. Kawaida ya Ethaneti ni baiti 1500. VXLAN, iliyoelezwa katika RFC 7348 ya mwaka 2014, huifunga paketi ndani ya paketi nyingine na kuongeza baiti 50 inapopita juu ya IPv4. Kama njia ya chini ni ya 1500, mashine pepe ziwekewe 1450, la sivyo njia ya chini ipandishwe, na swichi zote zilizo katikati zikubali ukubwa huo. Dalili zake hudanganya: ping inapita, kuingia kwa SSH kunaanza, kisha kila kitu kinaganda data kubwa inapotumwa, na watu wanaanza kuilaumu hifadhidata au kampuni ya intaneti. Kabla ya kumpigia simu mtu yeyote, tumeni `ping -M do -s 1472` kutoka mashine moja kwenda nyingine. Hizo baiti 1472 pamoja na 28 za vichwa zinatimiza 1500. Ikishindwa, jaribuni 1422, na hii ikipita basi mmekwisha kujua tatizo liko wapi. Angalieni pia kwamba daraja la Linux ambalo halikupangiwa MTU kwa mkono hufuata ile ndogo kuliko zote kati ya kadi zilizounganishwa nalo, hivyo kadi moja yenye 1450 inaweza kulishusha daraja zima.

Kuhusu kunakili mashine, nitasema kwa ufupi. Mkinakili faili la mashine kwa mkono pamoja na maelezo yake, anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kadi, nayo hunakiliwa, na mashine mbili zenye MAC moja kwenye daraja moja hunyang'anyana paketi kwa namna ambayo kila mtumiaji huieleza tofauti. Anwani zinazoanza na 52:54:00 ni za kawaida kwa KVM. Badilisheni tarakimu sita za mwisho na kuziandika kwenye daftari la mashine. Kwa Ubuntu, hilo pekee halitoshi: mashine mbili zenye faili moja la `/etc/machine-id` zinaweza kupewa anwani moja ya IP na seva ya DHCP, ile inayogawa anwani za IP, hata kama MAC zao zinatofautiana, kwa hiyo faili hilo liachwe tupu katika mashine mama kabla ya kuanza kunakili.