Maswali Yenu: Benki ina hela kibao, mbona tovuti yake ya kizamani hivi?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nina akaunti benki moja, jina naliacha, mwaka wa 11 huu. Sasa tovuti yao jamani, maandishi madogo ka mchanga, ukifungua kwenye simu unavuta kwa vidole kama unatafuta njia kwenye ramani, pasiwedi haikubali kuzidi herufi 8 na alama ka # au % inakataa kabisa, halafu ikifika saa 6 usiku inaandika "huduma haipatikani kwa sasa" mpaka karibu na alfajiri. Na kila mwaka wanatangaza faida! Hivi hela ya kutengeneza tovuti wanakosa kweli? Na je niogope kuhusu pesa zangu?
*Nimechoka Kubofya*

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Hela wanayo, hilo tusidanganyane. Ila tovuti yenyewe haijui una shilingi ngapi, kazi yake ni kwenda kuuliza tu, na anayeulizwa ni kompyuta kubwa ya nyuma inayoitwa meinfremu, ambayo programu zake zinaweza kuwa zimeandikwa kabla wewe hujazaliwa. Lugha ya kompyuta iliyoziandika mara nyingi ni COBOL, hiyo ilianza kubuniwa mwaka 1959. Kampuni ya kompyuta ya IBM walipotangaza mashine zao za System/360 mwaka 1964 wakajenga utamaduni kwamba programu ya zamani iendelee kukubali kwenye mashine mpya, na wameushika mpaka leo, kwa hiyo mabenki hayakuwahi kulazimika kuandika upya. Wakawa wanaongezea tu juu, ikaja ATM wakaibandika, ikaja intaneti wakaibandika, ikaja apu nayo vilevile, na yule aliyeandika hesabu ya riba ameshastaafu zamani na maelezo hakuacha.

Hiyo saa 6 usiku ndo sehemu ninayoipenda mimi. Mifumo hii ilizaliwa zama ambazo benki inafunga milango jioni, halafu usiku kompyuta inakusanya miamala ya siku nzima na kuichakata kwa mkupuo, kazi moja ikiisha inaita nyingine, riba, makato, taarifa za akaunti, na muda huo haitaki mtu aguse salio. Kuna benki zilishapata njia ya kukuhudumia huku kazi inaendelea nyuma, ya kwako inaonekana bado. Na usidharau hiyo kazi ya usiku, Juni 2012 benki ya RBS ya Uingereza ilifanya apudeti kwenye programu inayopanga hizo foleni, ikaharibika, na wateja zaidi ya milioni 6.5 wa RBS na benki za kundi lake, NatWest na Ulster Bank, wakaguswa, kuna waliokosa kuona salio sahihi na kuna ambao malipo yao yalikwama kwa siku na wengine wiki. Mwaka 2014 wakapigwa faini ya paundi milioni 56.

Herufi 8 za pasiwedi nazo zina historia. Programu ya ulinzi ya meinfremu za IBM, RACF, kwa miaka mingi pasiwedi yake ilikuwa mwisho herufi 8, tena herufi kubwa na ndogo haitofautishi. Sijasema benki yako wanatumia hiyo, ila harufu ni hiyo hiyo. Ukiona pia jina lako refu limekatwa katikati na taarifa yote imeandikwa kwa herufi kubwa, basi ujue unaongea na mzee.

Sasa kwa nini hawabadilishi? Wanaogopa, na wana sababu. Aprili 2018 benki ya TSB, hukohuko Uingereza, ilihamisha wateja wake wote kutoka mfumo wa benki ya Lloyds kwenda mfumo mpya, wikiendi moja tu, Jumatatu watu hawaingii kwenye akaunti, wengine wanaona akaunti za watu, na mambo hayakutulia kabisa mpaka Desemba. Faini ikaja 2022, paundi milioni 48.65. Bosi yeyote wa benki akikumbuka hiyo anaahirisha mpaka astaafu yeye.

Lakini mi siwatetei. Kuhamisha mfumo wa nyuma ni hatari, sawa, ila maandishi madogo hayahusiani na meinfremu hata kidogo, huo ni uvivu. Na pasiwedi fupi wangeweza kuimalizia huku mbele bila kugusa nyuma. Pesa zako sina wasiwasi nazo sana, yule mzee anahesabu vizuri kuliko apu nyingi za juzi. Mimi ningewauliza kitu kimoja, je wana uthibitisho wa pili ukiingia, ka namba ya kuthibitisha inayotumwa kwenye simu? Kama hawana, mi ningehama.

SWALI: Mtaalamu, kwa ajili ya malipo ya kampuni benki inatuambia tutumie Internet Explorer, brauza nyingine inagoma. Si ilishakufa hiyo?
*Mhasibu*

JIBU: Ilikufa dada, Microsoft waliacha kuihudumia IE 11 tarehe 15 Juni 2022. Hampo peke yenu, Korea Kusini walikaa miaka na miaka wamefungwa humo kwa sababu vyeti vya kidijitali vya benki vilitegemea ActiveX, teknolojia ya Microsoft ya humo humo Internet Explorer, na hadhi maalumu ya vyeti hivyo ilifutwa Desemba 2020 tu. Kwa sasa fungua Microsoft Edge, kwenye mipangilio kuna hali ya IE, iwashe kwa anwani hiyo moja tu, mengine yote fanya kawaida. Na benki muwaandikie barua, kwa simu hawasikiagi.

SWALI: Kama tovuti halisi ndo mbaya hivi, feki nitaijuaje?

JIBU: Haha, mara nyingi feki ndo nzuri zaidi! Usihukumu kwa sura. Meseji ikija na linki usiifuate, andika anwani mwenyewe kwa mkono, ukifika ukakuta bado ni mbaya kama jana basi uko penyewe.